Kutoka Mwanza hadi juu ya mnara wa taa: mwongozo kamili wa safari ya Chumbe na Kigomasha

Watu wengi wa Kanda ya Ziwa wanaopanga kwenda kuona mnara wa taa baharini huanza na nauli, halafu malazi, halafu nguo za kupigia picha. Kinachokuja kuwaharibia siku ni kitu kingine kabisa: maji. Ziwa letu halijai na kupwa. Ukiacha ndala kwenye jiwe pale Kamanga saa mbili asubuhi, saa nane mchana utazikuta pale pale na maji yapo pale pale, labda tu awepo mwenye mkono mrefu. Baharini mambo ni mengine. Mahali ulipooga asubuhi, mchana panakuwa uwanja wa mchanga ambao kina mama wanapita na ndoo, na boti iliyokuleta imelala ubavu ikisubiri maji yarudi. Na usipoangalia, yakirudi yanaondoka na ndala.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanzia Mwanza, au Geita, Musoma, Bukoba, na anataka kupanda mnara wenyewe hadi ilipo taa.

Hatua ya 1: Amua kama unataka kupanda au kuona tu

Pwani ya Tanzania ina minara ya taa kuanzia Tanga hadi kusini, pamoja na visiwani. Mingine ilijengwa na Wajerumani, mingine na Waingereza, na mingi bado inafanya kazi ya kuongoza vyombo hadi leo. Hapo ndipo penye tatizo la mgeni: mnara unaofanya kazi ni mali ya bandari, na haukujengwa kwa ajili ya watalii. Ule wa Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ni mkongwe na mzuri kuutazama, lakini upo ndani ya uzio na kamera haitolewi ovyo pale. Uliza kabla hujainua simu. Wa Ras Mkumbi upo ncha ya kaskazini ya Mafia, ni wa enzi za Wajerumani, na kufika kwake ni safari ya peke yake. Wa Makatumbe, nje ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam, utauona ukiwa kwenye boti ya Zanzibar bila kulipa hata shilingi ya ziada, mradi usiwe umelala.

Kwa anayetaka kupanda, mimi napendekeza miwili. Wa kwanza upo kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi mwa Mji wa Zanzibar, kama kilomita 12 hivi. Ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, na mwaka 1926 taa yake ikabadilishwa kutumia gesi ya asetilini. Kisiwa kizima sasa ni hifadhi, matumbawe yake yamefungwa kwa wavuvi tangu miaka ya 1990, na mgeni anapokewa kwa mpango: boti, chakula, mtu wa kukuongoza, kila kitu. Bei yake si ya daladala.

Wa pili ni Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini-magharibi ya Pemba, baada ya msitu wa Ngezi. Huu ni wa chuma, wa mwanzoni mwa karne ya 20, na umesimama mwenyewe juu ya rasi kama bomba la kiwanda lililopakwa chokaa. Hakuna boti ya hifadhi wala juisi ya kukaribishia. Unafika, unamtafuta mwangalizi, unalipa ada ndogo, unapanda.

Kama una watoto au wazazi, na ni mara ya kwanza kukanyaga visiwani, nenda Chumbe. Kama umezoea safari za kuungaunga na gesti ya kawaida haikusumbui, Kigomasha ndiyo safari hasa. Nikiambiwa nichague mmoja tu, nachagua Kigomasha, na sababu utaiona mbele.

Hatua ya 2: Panga tarehe kwa kuangalia mwezi

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Baharini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku mzunguko unachelewa kwa kama dakika 50, ndiyo maana huwezi kusema "maji hujaa saa tano" ukaishia hapo. Kuna siku maji yanajaa sana na kupwa sana; watu wa pwani huziita bamvua. Na kuna siku tofauti ni ndogo, maji hayaendi mbali wala hayaji juu. Hizo ni maji mafu. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa pale Unguja inaweza kufika mita nne hivi, yaani ghorofa moja na zaidi.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kawaida siku moja au mbili baadaye. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Sasa wewe wa Mwanza kalenda hiyo unayo tayari, hata kama hujawahi kuona bahari. Muulize mvuvi wa dagaa yeyote pale Kirumba au Kayenze. Kazi yake yote inakwenda kwa giza: mwezi ukiwa haupo, karabai na taa za sola zinawashwa na dagaa wanafuata mwanga, mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika na watu wanashona nyavu. Basi katikati ya giza, ambapo dagaa wanashushwa kwa wingi, baharini ni bamvua. Na siku mvuvi wako amelala nyumbani kwa sababu mwezi ni mpevu, baharini ni bamvua vilevile. Siku za katikati, anapoanza kazi au anapokaribia kupumzika, ni maji mafu.

Kwa upande wa Unguja na Pemba kuna kanuni ya kukariri: siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo yanageuka, hujaa saa nne na kupwa saa kumi. Si sahihi kwa dakika, lakini inatosha kupanga likizo ukiwa umekaa kwako Nyakato. Safari ikikaribia, angalia jedwali la maji la siku husika, siku hizi linapatikana kwenye simu.

Unatumiaje hayo? Kama unataka kuogelea Chumbe kwa miwani na mrija kuangalia matumbawe, unataka maji mengi mchana. Kama unataka kutembea kwenye miamba na mchanga kuona viumbe vilivyobaki kwenye vidimbwi, unataka kupwa kwa bamvua asubuhi. Kwa Kigomasha mimi hupenda siku za bamvua: asubuhi maji yako mbali, unatembea ufukweni chini ya rasi, unakula, unapanda mnara jua likianza kupoa huku maji yakirudi. Ukiwa juu saa kumi unaona bahari imejaa hadi kwenye miamba ile uliyokuwa umekaa asubuhi. Mtu wa ziwani hilo linamshangaza kuliko mnara.

Baada ya mwezi, angalia upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia katikati ya mwaka hadi Septemba hivi. Kusi ukikaza, mkondo kati ya Unguja na Pemba unakuwa mkali na wasafiri wanateseka. Masika, Machi hadi Mei, achana nayo: mvua, barabara za Pemba zenye tope, na Chumbe huwa wanafunga kwa majuma kadhaa kipindi hicho. Januari na Februari ni nzuri, ila joto lake si la Mwanza. Sisi tupo zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na tumezoea jioni kupoa. Kule usiku unatoka jasho umelala. Septemba mwishoni hadi Oktoba ndiyo chaguo langu.

Na Ramadhani? Unaweza kwenda, lakini chakula mchana ni shida na si adabu kula hadharani. Isogeze safari.

Hatua ya 3: Jipime ziwani kwanza

Kabla ya kulipa tiketi ya boti ya baharini, panda meli ya Nansio. Ni kama saa tatu kutoka Mwanza hadi Ukerewe, na ndani ya muda huo utajua kama tumbo lako linaelewana na maji. Kivuko cha Kamanga hakitoshi kwa kipimo hiki, ni kifupi mno na bado unauona Mwamba wa Bismarck mgongoni. Boti ya Saanane ndiyo kabisa, unakaa unashuka.

Hata hivyo usijisifu ukirudi salama kutoka Ukerewe. Wimbi la ziwa ni fupi, linagonga ubavu. La bahari ni refu, linakunyanyua taratibu, linakusubirisha, kisha linakushusha. Kuna watu wamekulia Ukara, wamevua maisha yao yote, na kwenye mkondo wa Pemba wameomba mfuko. Nunua dawa ya kuzuia kutapika duka la dawa, meza muda ulioelekezwa kabla ya kupanda (si baada ya kuanza kuumwa), kaa katikati ya chombo sehemu ya chini, tazama mbali. Usipande na njaa, na usipande umeshiba chipsi mayai.

Safari hiyo ya majaribio itumie pia kujizoesha jambo lingine: kuingia chomboni na kuangalia jaketi za kuokolea maisha ziko wapi kabla hujatafuta kiti. Sisi hatuhitaji kuhubiriwa hili. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na MV Nyerere Septemba 20, 2018. Visiwani nao wana tarehe zao: Spice Islander, Septemba 10, 2011, kati ya Unguja na Pemba, na Skagit, Julai 18, 2012, jirani kabisa na Chumbe, mchana, upepo mkali, mnara ukiwa unaonekana. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka. Tiketi utanunua nyingine. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha bila kubishana na mtu.

Hatua ya 4: Vitambulisho, nafasi na pesa

Mtanzania haendi Zanzibar kwa pasipoti, lakini tiketi ya boti au ndege inataka kitambulisho. Beba cha taifa. Mtoto abebewe cheti cha kuzaliwa. Ukiwa na kitambulisho unadai bei ya raia, kwenye boti na kwenye hifadhi pia. Taja mapema kwamba ninyi ni Watanzania, msisubiri kuandikiwa ankara ya dola ndipo muanze kueleza.

Chumbe huendi bila kuweka nafasi. Kisiwa kina banda saba tu za kulala, na wageni wa kutwa hupokewa kutegemea nafasi na maji. Waandikie mapema, uwape tarehe mbili ulizochagua kwa mwezi, wao wakuambie ipi inafaa. Wakishangaa kwamba mtu wa Mwanza anauliza habari za bamvua, waache washangae.

Kigomasha hakuna cha kuweka nafasi. Weka namba ya mtu wa gesti ya Konde, Wete au Chake Chake, kule Pemba, inatosha.

Kuhusu pesa, nitasema tu mpangilio wake. Ukienda kwa ndege, ndege inakula sehemu kubwa kuliko vyote. Ukienda kwa basi na treni, Chumbe yenyewe ndiyo inakuwa kubwa, na Kigomasha inakuwa ndogo kiasi kwamba watu watatu wa Pemba wanaweza kutumia hela ya mmoja wa Chumbe. Kama mnakwenda kama kikundi, kwaya au wenzenu wa kikoba, changeni kidogo kidogo kuanzia miezi sita nyuma, mteue mtu mmoja mbishi wa kushika fungu la nauli ya kurudi. Fungu hilo lisiguswe hata mkikutana na pweza wa Forodhani, soko la vyakula la usiku pale Mji wa Zanzibar.

Hatua ya 5: Kutoka Mwanza hadi Zanzibar

Ndege ni chini ya saa mbili hadi Dar es Salaam. Ukikata tiketi mapema inavumilika, ukikata wiki ya Krismasi utalia.

Basi la moja kwa moja hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, unafika miguu imevimba. Njia ninayoipenda siku hizi ni ya vipande viwili: basi kutoka Nyegezi hadi Dodoma, lala Dodoma, kesho yake panda treni ya SGR, ile ya reli mpya ya umeme, hadi Dar. Huduma hiyo ya Dodoma ilianza katikati ya 2024, na inachukua muda mrefu kidogo tu kuliko meli ya Nansio. Unafika Dar ukiwa bado mtu. Tiketi ya treni kata kabla hujaondoka Mwanza, hasa mwisho wa wiki. Treni ya zamani ya reli ya kati nayo ipo kwa mwenye muda na stori nyingi.

Kituo cha boti Dar kipo mjini, karibu na kanisa la Mtakatifu Joseph. Pale nje utakutana na vijana wa kukukatia tiketi, kukubebea begi, kukuonyesha mlango ambao uko mbele ya macho yako. Wasalimie, pita, kata tiketi dirishani. Boti ya haraka ni kama saa mbili. Kaa sehemu unayoweza kuona nje, na chombo kikishatoka kwenye mlango wa bandari, tafuta Makatumbe. Huo ndio mnara wako wa kwanza, na kuuona kutoka majini, upande ambao nahodha anauona, kutakusaidia kuelewa ile mingine.

Hatua ya 6: Siku ya Chumbe

Hapa sina maneno mengi kwa sababu wenyewe wanakupangia. Unaondoka asubuhi, unarudi jioni. Vaa viatu vya mpira vinavyoweza kulowa. Ndala zinachomoka miguuni kwenye miamba na matumbawe yanakata kama chupa. Usikanyage wala kushika matumbawe, usiokote kombe. Ukiona kaa mkubwa ajabu kwenye miti jioni, huyo ni kaa wa minazi. Paa nunga nao wapo, ingawa kuwaona ni bahati.

Yaliyojengwa yasikupite. Nyumba ya mlinzi wa taa wa zamani ndiyo sasa mahali pa kupokelea wageni, na kando yake kuna msikiti mdogo wenye mtindo wa Kihindi, uliojengwa kwa ajili ya walinzi wa taa na familia zao. Simama hapo ufikirie kazi ile. Kwenye minara ya zamani mlinzi alikuwa akijaza mafuta, anasafisha masizi, na kila baada ya saa chache anapandisha uzito uliokuwa ukizungusha lenzi, kama saa ya ukutani. Akisinzia, kuna chombo kinapanda mwamba. Gesi ndiyo iliyoanza kuwapunguzia walinzi kazi. Msweden Gustaf Dalén alipewa Nobel ya fizikia mwaka 1912 kwa vifaa vya kuendesha taa za gesi zenyewe, kimojawapo kikizima taa jua linapotoka na kuiwasha linapozama.

Ukiwa juu ya mnara Mji Mkongwe unaonekana vizuri siku isiyo na ukungu. Mtu aliyesimama mita 25 juu ya bahari huona hadi kama kilomita 18 kabla dunia haijajikunja. Hiyo ndiyo sababu ya kujenga mrefu: taa iwe kali kiasi gani, ikiwa chini nahodha haioni.

Hatua ya 7: Kufika Kigomasha

Kutoka Unguja kuna ndege ndogo hadi Chake Chake na boti hadi bandari ya Mkoani. Boti za Pemba haziendi kila saa kama za Dar, na ratiba hubadilika, kwa hiyo uliza bandarini siku mbili kabla. Mkondo unaouvuka hapo, na ule wa magharibi ya Pemba, una kina cha mamia ya mita. Ziwa Victoria lote, pale penye kina kirefu kuliko pengine, halifiki mita 90.

Lala Chake au Wete usiku wa kwanza. Asubuhi panda daladala hadi Konde. Hapo Konde nunua maji, andazi, ndizi, kwa sababu mbele maduka yanapungua. Kisha kodi bodaboda ya kwenda na kurudi. Patana naye kabisa: anakupeleka Kigomasha, anakusubiri, anakurudisha kabla ya magharibi. Mlipe nusu, nusu iliyobaki mkirudi. Ukimwachia aende ukitegemea kupata nyingine, utatembea.

Barabara inapita ndani ya msitu wa Ngezi, miti mirefu, kivuli, hewa ya ubaridi kidogo, halafu ghafla mwanga na mashamba, halafu Makangale, halafu mnara. Unauona mapema kuliko unavyofika.

Ukifika, usiende moja kwa moja kwenye mlango. Wasalimie watu waliopo, "asalaam aleikum" kwanza, shikamoo kwa wazee, kisha sema mmetoka Mwanza na mnaomba kuona mnara. Pemba ukisema umetoka Mwanza unaulizwa habari za sangara kabla ya kuulizwa jina. Mwangalizi kama hayupo, ataitwa; kaeni kivulini. Akisema leo haiwezekani kwa sababu kuna kazi ya ufundi juu, hakuna kubembeleza. Kwa kikundi kikubwa ni busara kupita kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo, au kuuliza ofisi ya bandari Wete kabla. Mavazi ni ya heshima: mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia wasivue shati wakiwa mitaani kwa sababu tu bahari ipo karibu.

Hatua ya 8: Kupanda

Ngazi za Chumbe ni zaidi ya mia, za Kigomasha ni karibu mia. Idadi haichoshi. Kinachochosha ni wembamba wake na kuzunguka. Kigomasha uko ndani ya bomba la chuma; saa saba mchana chuma kimeshika moto na hewa haitembei. Panda kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa.

Dera refu na kanga ndivyo vinavyoangusha watu, hasa wakati wa kushuka, kwa sababu anayeshuka anakanyaga pindo la mbele yake. Funga juu ya kifundo cha mguu au vaa suruali ndani. Begi livae kifuani, kwa maana mgongoni litakukwaruza ukutani kila unapogeuka. Mikono yote miwili iwe huru. Simu mfukoni, mfuko ufungwe. Anayeshuka na anayepanda hawapishani. Wa juu washuke wote kwanza, ndipo wa chini waanze. Watano kwa mara moja wanatosha.

Kipande cha mwisho kabla ya chumba cha taa huwa ni ngazi iliyosimama wima, ya kupanda kwa kushika vyuma. Mtoto asiyeweza kupanda mwenyewe kipande hicho abaki chini. Usimbebe. Mwenye kizunguzungu aishie pale alipofika, na wenzake wasimcheke, maana akilazimika kushuka huku anatetemeka ndiye atakayewaangusha.

Ndani ya chumba cha taa usishike kioo. Jasho la vidole linaacha doa, na kioo kile ndicho kazi yote. Ikiwa kuna lenzi ya vipande vipande, angalia ilivyopangwa: pete za kioo, moja ndani ya nyingine, kila moja ikipindisha mwanga kidogo hadi wote utoke ukiwa umenyooka kwenda mbele. Ni ubunifu wa Mfaransa Augustin Fresnel, miaka ya 1820. Kabla yake mwanga mwingi ulikuwa unapotea kwenda juu na chini. Mitumbwi yetu ya dagaa haina shida hiyo kwa sababu yenyewe inataka mwanga uende chini, majini.

Nje kwenye kibaraza upepo hauna mzaha. Kofia vua kabla, si baada. Ukiwa Kigomasha, upande mmoja una Ngezi, kijani kizito. Upande mwingine mkondo wa Pemba, buluu iliyokolea inayoanza karibu sana na ufukwe, na jahazi likipita utaona linavyokaa mbali na miamba. Hii ndiyo sababu niliyosema nitaitaja. Chumbe unaona mji na kisiwa kilichopangwa. Kigomasha unaona moja kwa moja taa ile imewekwa kumzuia nani na wapi.

Hatua ya 9: Iangalie ikiwaka

Mgeni wa kutwa huikosa sehemu hii. Chumbe unahitaji kulala kisiwani. Kigomasha, tafuta malazi upande wa Makangale au mpange na bodaboda abaki hadi taa iwake, mrudi polepole na tochi, maana Ngezi usiku ni giza la kweli.

Kila taa ina mpigo wake, ili nahodha ajue ni ipi bila kuuliza. Washa saa ya kupimia kwenye simu mwanga unapotokea, hesabu ni mara ngapi unawaka kabla ya kimya kirefu, zima unapoanza mzunguko upya. Rudia mara tatu, andika. Kisha linganisha na ulichoambiwa na mwangalizi. Watoto wanalipenda hili kuliko kuogelea, na ukiwa na mwanafunzi wa sekondari mpe akokotoe umbali wa kuonekana kwa kutumia urefu wa mnara.

Kurudi

Usiunganishe boti ya Pemba na ndege ya Mwanza siku moja. Boti ikichelewa au ikiahirishwa kwa upepo, tiketi ya ndege inakwenda na maji. Rudi Unguja, lala, vuka Dar asubuhi ya siku inayofuata, ondoka jioni au kesho yake. Karafuu za Pemba nunua kiasi cha jikoni na uombe risiti. Ni zao linalosimamiwa na serikali ya Zanzibar, na anayebeba gunia bandarini huulizwa maswali. Na kama boti ya kurudi inatoka alfajiri siku za bamvua, fika mapema na ushuke gatini kwa tahadhari: kulingana na saa ya maji, chombo kinaweza kuwa juu sawa na miguu yako au mita kadhaa chini yake, na ngazi ya kuteremkia imelowa.